Taa za DJ wa kuzunguka: jinsi ya kupanga vifaa vyepesi vya kutumia Gitaza na ufukoni Rumonge

Kama unapiga muziki kwenye harusi, ubatizo au sherehe za vijana kati ya Bujumbura na Rumonge, huenda umeshaona taa nzuri zikizimika katikati ya ngoma. Mara nyingi taa zenyewe huwa nzima. Betri imeisha, mafuta ya jenereta yamekosekana, au kamba za umeme zimelowa. Kwa hiyo usianze kwa kuchagua taa. Anza na barabara na umeme, halafu ununue taa zinazoweza kubebwa na kuwashwa na ulicho nacho.

Barabara ya RN3 inapita Gitaza, katika komine ya Muhuta, mlima ukiwa upande mmoja na ziwa upande wa pili. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua iliporomosha mawe na udongo hapo, barabara ikakatika na familia nyingi zikakosa makazi. Miaka iliyofuata maji ya Tanganyika nayo yalipanda yakaingia kwenye nyumba za ufukoni. Ukipata kazi ng'ambo ya sehemu iliyokatika, gari litabaki upande mmoja na wewe utavuka kwa miguu. Gawanya vifaa vyako katika mizigo ambayo mtu mmoja anaweza kubeba begani, kila mmoja usizidi kilo 15. Kipimo hicho pia kinafaa kwenye pikipiki na mtumbwi.

Hesabu ya umeme

Chukua mfano wa sherehe ya ukubwa wa kawaida uwanjani. Una taa 4 za LED za rangi, kila moja wati 30, na taa 2 nyeupe za wati 10 kwa ajili ya mlango na njia ya choo. Ongeza wati 5 za kifaa cha kuongozea taa. Jumla ni wati 145. Kwa saa 5 utatumia wati-saa 725. Inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme, tuseme asilimia 15, kwa hiyo betri lazima itoe karibu wati-saa 850.

Hapa ndipo wengi hukosea. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiimaliza kupita nusu kila mara, itakufa mapema. Unabaki na 600, ambazo hazitoshi. Utahitaji betri 2, na kila moja ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huohuo inakubali kutumiwa hadi asilimia 80, yaani zaidi ya wati-saa 1,000, na uzito wake ni kama kilo 12. Bei yake ni kubwa. Hata hivyo, kwa anayevuka Gitaza kwa miguu, tofauti ya kilo 40 ni mshahara wa mtu mzima wa kubeba, kila safari.

Huna pesa ya lithiamu? Punguza mzigo. Nunua taa zinazotumia volti 12 moja kwa moja, uache inveta nyumbani. Wavuvi wa ndagala wanafanya hivyo usiku kucha: taa ya LED, betri, waya, basi. Ukiwa na fundi anayewatengenezea taa hizo, ameshajua nusu ya kazi yako.

Usiweke taa na spika kwenye betri moja. Besi inapopiga, amplifaya huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti hushuka, na inveta huzima kila kitu. Weka betri ya taa peke yake, hata kama ni ndogo.

Kwenye volti 12 mkondo ni mkubwa: wati 145 ni zaidi ya ampea 12. Waya wa kutoka betri hadi inveta uwe mnene, milimita za mraba 6, usizidi mita 1, na fyuzi ya ampea 25 iwe karibu kabisa na nguzo chanya. Fyuzi iliyofungwa karatasi ya sigara haizuii moto.

Sola ya wati 200 inaweza kurudisha wati-saa 800 hivi siku yenye jua zuri. Juni hadi Agosti, kiangazi na msimu wa harusi, hiyo inatosha kwa kazi moja kila siku mbili bila wasiwasi. Masika usiitegemee peke yake. Kama ulijifunza kazi hii Nyarugusu au Nduta, unajua tayari jinsi mawingu ya siku tatu yanavyokula betri.

Nguzo, upepo na wadudu

Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee bomba la vipande viwili vya mita 1.2 vinavyoingiana, na miguu mitatu inayokunjwa. Usibebe uzito wa kushikilia nguzo. Beba mifuko mitupu, uijaze mchanga ukifika, kisha uilaze juu ya miguu. Upepo wa jioni kutoka ziwani huangusha nguzo isiyo na mzigo, na watoto ndio husimama karibu zaidi. Kila taa ifungwe kwa bolti na pia kwa waya wa usalama.

Mwanga mweupe huita wadudu wa ziwani kwa maelfu. Weka taa moja nyeupe mbali, upande ambao upepo unaelekea, iwavute huko. Uwanja wa kuchezea na meza ya chakula vipate rangi ya chungwa au nyekundu. Usielekeze taa ziwani, kwani mtu aliye kwenye mtumbwi gizani anahitaji kuona ufuko.

Ukinunua taa, tafuta alama IP65, maana yake haiingizi vumbi na inastahimili maji ya kurushiwa. IP20 ni ya ndani tu.

Taa nyingi za bei nafuu zina uwezo wa kufuata sauti zenyewe, na kwa mwanzo hiyo inatosha. Waya wa DMX ni kitu cha baadaye.

Mwanga wa kumetameta uwe polepole, chini ya mara 3 kwa sekunde, kwa sababu unaweza kuleta kifafa kwa baadhi ya watu. Uliza wenyeji kabla ya kuutumia: mtu aliyekimbia vita Fizi au Uvira anaweza kushtuka sana.

Ukilazimika kutumia jenereta, iwe nje, mita 10 au zaidi kutoka kwa watu, na moshi usielekee nyumbani; gesi yake huua bila harufu. Umeme wa volti 220 karibu na maji upite kwenye swichi ya kinga ya miliampea 30, na viunganishi vining'inie, visilale kwenye nyasi.

Kabla ya kukubali kazi, mwambie mkuu wa kolini, au ukiwa kambini msimamizi wa kambi, saa ya kuanza na ya kuzima. Andika saa hiyo pia kwenye makubaliano na mwenye sherehe, kwa sababu ndiyo saa uliyopigia hesabu ya betri.