Diski ya SSD ikizima ghafla: la kufanya kabla hujampelekea fundi

Umerekodi harusi Ikola tangu asubuhi hadi usiku. Video zote umezihamishia kwenye diski ndogo ya kubebea, ile nyembamba inayoingia mfukoni, kisha ukafuta kadi ya kamera ili iwe tayari kwa kazi ya kesho yake. Siku ya pili unachomeka diski kwenye kompyuta. Taa haiwaki, au inawaka lakini kompyuta imekaa kimya kama vile hukuchomeka kitu. Jana ilikuwa nzima. Haikuanguka wala haikuloa.

Hili haliwapati wapiga video peke yao. Diski hizi, zinazoitwa SSD, siku hizi zinabeba nyimbo za kwaya, orodha za wanachama wa AMCOS, mitihani ya shule na filamu za mabanda ya video. Kwa mtu aliyeko Karema tatizo ni zito zaidi, kwa sababu kutoka hapa hadi Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100, na diski iliyokufa kabisa huenda ikalazimika kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo unachofanya katika saa ya kwanza, ukiwa peke yako na diski yako, kinaweza kuokoa kazi au kuimaliza kabisa.

Kwa nini haitoi taarifa

Hadidiski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaosoma juu yake. Ikianza kuchoka utaisikia: inagonga, inakwaruza, inakuwa nzito kufungua mafaili. Wengi wamepata nafasi ya kuhamisha vitu vyao kwa sababu ya kelele hizo tu.

SSD haina kinachozunguka. Data zake zimehifadhiwa kama chaji ndogondogo za umeme ndani ya chipu, sawa na ilivyo kwenye memori kadi au fleshi. Kando ya chipu hizo kuna chipu nyingine inayosimamia kazi yote. Tuiite karani wa ghala. Yeye ndiye mwenye daftari linaloonyesha kila gunia limewekwa wapi, na huyahamisha magunia mara kwa mara ili sehemu moja ya ghala isichakae kabla ya nyingine. Karani akianguka, au daftari likiharibika, mzigo wote bado uko ndani lakini hakuna anayejua kipi kiko wapi. Ndiyo maana SSD nyingi hazipotezi faili moja moja. Zinapotea zote kwa mkupuo.

Daftari hilo huharibika kwa njia kadhaa. Inayotuhusu zaidi huku ni umeme kukatika wakati diski inaandika: jenereta imezima, betri ya sola imeisha, au mtu amechomoa waya bila kuiondoa diski kwanza kwenye kompyuta. Joto nalo linachangia, hasa diski ikifanya kazi juani au ikiwa imefunikwa na nguo.

Wakati mwingine kosa ni la kiwandani. Mwaka 2023 wamiliki wa baadhi ya diski za SanDisk Extreme na Extreme Pro walilalamika kwamba zinajiondoa ghafla kwenye kompyuta na kupoteza kila kitu. Kampuni ya Western Digital, iliyokuwa ikimiliki SanDisk wakati huo, ilitoa programu ya kurekebisha, na baadaye mwaka huohuo wateja walifungua kesi nchini Marekani. Mpiga video mmoja wa tovuti ya habari ya The Verge alipoteza terabaiti 3 za kazi kwenye diski aliyopewa badala ya nyingine iliyokuwa imeharibika. Hiyo haikuwa bidhaa ya bei rahisi ya mnadani, bali ilikuwa diski ambayo wapiga picha wengi waliiamini.

Anza na waya

Kabla ya kusema diski imekufa, badilisha waya. Waya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuchaji simu hazina nyuzi za kupitisha data ndani yake, kwa hiyo taa ya diski itawaka lakini kompyuta haitaona kitu. Tafuta waya uliokuja na diski, au ule ambao umewahi kuhamishia mafaili.

Kisha badilisha tundu. Tundu la USB 2.0 limepangwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina rangi ya bluu ndani, miliampia 900. SSD ikianza kuandika kwa kasi inaweza kutaka zaidi ya kile ambacho tundu dogo linatoa, nayo hujizima. Usipitishie kwenye kigawanyio cha USB. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ya mezani tumia matundu ya nyuma. Jaribu pia kompyuta ya jirani.

Unayetumia simu kuwa makini zaidi. Simu yenye betri ndogo inaweza kushindwa kuiendesha SSD hata kama diski haina ubaya wowote. Halafu kuna mtego ambao umewaponza wengi: simu inaandika kwamba diski haisomeki na inakutaka uifomati. Mara nyingi diski ni nzima. Imepangwa kwa mfumo wa NTFS unaotumiwa na Windows, wakati simu nyingi za Android zinasoma FAT32 na exFAT tu. Ukikubali, utakuwa umefuta kwa mkono wako diski isiyoumwa.

Usikubali kufomati

Iwe ni simu au kompyuta inayouliza, jibu ni hapana. Kwenye hadidiski ya zamani, kufomati haraka kulikuwa sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo. Fundi aliweza kurudisha mengi. Kwenye SSD, kompyuta inaweza kumwambia yule karani kwamba nafasi zile hazihitajiki tena, naye akaanza kuzisafisha mwenyewe, hata kama wewe umekaa tu unaiangalia. Baada ya hapo hata mtaalamu anaweza asipate kitu.

Kwa sababu hiyohiyo usinakili kitu kipya ndani yake, na usiendeshe programu za kurekebisha makosa ya diski kabla hujatoa nakala. Programu hizo kazi yake ni kuunyoosha mfumo, na mara nyingine huunyoosha kwa kutupa mafaili yako.

Kama kompyuta ni ya Windows, fungua sehemu ya kusimamia diski uangalie jambo moja: ukubwa. Diski ya gigabaiti 500 ikionekana kwa takriban gigabaiti 465 hiyo ni kawaida, ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Ikionekana kwa ukubwa wake lakini haifunguki, karani bado yupo kazini na kilichoharibika ni mpangilio wa mafaili. Hapo kuna matumaini makubwa. Programu za bure za TestDisk na PhotoRec zinaweza kusoma na kuokoa, ila mafaili yanayookolewa yaandikwe kwenye diski nyingine. Ikionekana ina ukubwa wa sifuri, au haionekani kabisa, tatizo liko kwenye chipu au bodi, na programu hazitasaidia.

Kuna hali ya tatu ambayo watu huidharau: diski inasoma lakini inakataa kuandika. Baadhi ya SSD hufanya hivyo zinapofika mwisho wa maisha yake. Usipigane nayo. Toa kila kitu siku hiyohiyo.

Kwa diski isiyoonekana baada ya umeme kukatika, lipo jaribio ambalo baadhi ya watengenezaji wenyewe hulielekeza: ipe umeme bila data. Ichomeke kwenye kichwa cha chaja, iache nusu saa, ichomoe kwa nusu dakika, rudia mara moja au mbili, kisha jaribu tena kwenye kompyuta. Karani hupata muda wa kupanga upya daftari lake. Ikiwa ya moto kupita kiasi au inanuka kuungua, chomoa na usiijaribu tena. Na ile habari ya kuiweka diski kwenye friza isahau. Kwa SSD haina faida, na unyevu utakaoingia utamalizia kilichobaki.

Ukifika kwa fundi

Muulize kwanza kama ndani kuna diski inayochomoka. Baadhi ya SSD za kubebea ni kasha tu lenye bodi ndogo ya USB, na ndani yake kuna diski ya kawaida ya laptop. Kama kilichokufa ni bodi ya kasha, diski huhamishiwa kwenye kasha jingine na kazi imeisha. Nyingine zimeunganishwa kwa risasi kwenye bodi moja, na kuna zinazofunga data kwa siri kupitia chipu yake, hivyo huwezi kuzisoma ukitenganisha. Kama uliiwekea neno la siri, mwambie.

Fundi anayesema “acha nifomati tuone” mshukuru, chukua diski yako, ondoka.

Kama ina waranti, fahamu kwamba muuzaji atakubadilishia diski. Data hazimo kwenye waranti. Na kama ndani kuna majina, namba za simu na madeni ya wanachama, usiiache kaunta kiholela. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 2023, na chama kinawajibika kwa kumbukumbu hizo hata kama diski imekufa.

Nakala ya pili

Mpiga video wetu wa Ikola alikosea pale alipofuta kadi ya kamera. Kadi isifutwe mpaka video ziwe mahali pawili: SSD na kompyuta, au SSD na hadidiski ya zamani ambayo bado inazunguka. Mwenye orodha za AMCOS ana kazi nyepesi zaidi. Mafaili hayo ni madogo, yanaingia kwenye fleshi, na Google inatoa gigabaiti 15 za bure mtandaoni. Kwaya yenye rekodi nyingi inaweza kuacha nakala moja kwa mwanakwaya anayeishi Mpanda, kwa sababu nyumba ikiungua au ikivunjwa, diski mbili za kabati moja huondoka pamoja.

Jihadhari pia na SSD zinazotangazwa kuwa na terabaiti 16 kwa bei ya simu ya vitochi. Ndani huwa na memori kadi ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake; inapokea mafaili, inaonyesha majina yake, na ukifungua hayapo. Programu ya bure ya H2testw huigundua kwa kuijaza yote kisha kuisoma.

Na kama SSD yako ni ya kuhifadhia tu, usiifungie sandukuni ukaisahau. Chaji zile ndani ya chipu huvuja taratibu, na joto huongeza kasi. Kipimo cha kimataifa cha JEDEC kinazitaka SSD za kawaida, zikiwa zimekwisha kutumika kufikia kikomo chake, zitunze data kwa mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Chini ya bati, saa nane mchana, joto huzidi hapo. Ichomeke kila baada ya miezi michache, ufungue mafaili kadhaa uone kama bado yanacheza.