Siri ya Tifasi Ilifichuka Mlangoni pa Hospitali

Msimu wa baridi ulipoingia Tunisia mwanzoni mwa karne iliyopita, tifasi iliingia pamoja nao. Ugonjwa huu si homa ya matumbo, ingawa wengi huuchanganya nayo: huleta homa kali, vipele mwilini na kuweweseka, na zama hizo haukuwa na dawa. Madaktari wenyewe walikufa. Charles Nicolle, Mfaransa aliyeongoza Taasisi ya Pasteur mjini Tunis tangu 1903, aliponea chupuchupu. Alipanga kwenda na daktari mwenzake kwenye gereza lililokuwa na wagonjwa, akazuiwa na maradhi yake mwenyewe. Daktari huyo na mtumishi wake walikwenda, wakalala huko, wakaambukizwa, wakafa wote wawili.

Katika hospitali ya mjini, wagonjwa walianguka mlangoni wakisubiri kulazwa, naye Nicolle aliwaruka ili apite. Hapo ndipo alipoona jambo lililokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Nje, mgonjwa aliambukiza jamaa na majirani. Hata waliopokea na kufua nguo zake waliugua. Lakini akishavuliwa, kunyolewa, kuogeshwa na kuvikwa nguo safi, alilala wodini katikati ya wengine bila kumdhuru yeyote. Basi kilichobeba ugonjwa kilibaki kwenye zile nguo. Nicolle akamshuku chawa.

Shaka haitoshi, ilibidi athibitishe. Mwaka 1909 alimdunga sokwe damu ya mgonjwa, naye akapata homa. Kutoka kwa sokwe akaupeleka ugonjwa kwa kima, kisha akahamisha chawa kutoka kwa kima huyo hadi kwa kima wengine wenye afya. Wakaugua. Baadaye ilibainika kwamba hatari kubwa iko kwenye kinyesi cha chawa, kinachopenya ngozi mtu anapojikuna.

Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Kwa maoni yangu aliistahili kwa sababu moja kubwa: matokeo yake yalitumika papo hapo, bila kungoja dawa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yaliweka vituo vya kuwaogesha askari na kuua chawa kwenye sare zao.

Ugonjwa wenyewe haukutoweka. Mwaka 1997, vita vikiendelea Burundi, tifasi iliwapata maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao wakiwa kambini, bila sabuni wala nguo za kubadilisha. Walitibiwa kwa dozi moja ya doksisaiklini.