Tarehe ya Rubona na Moto wa Ziwa Kivu

Hii ni habari ya Rubona, rasi ya Nyamyumba, kusini ya mji wa Gisenyi, Rwanda. Tumeiandika kwa sababu siku hizi twasikia watu wakisema gesi ya Ziwa Kivu ilianza kutumika Karongi. Sivyo.

Wazee wasema ziwa hili asili yake ni Nyiransibura, mwanamke wa zamani za kale, na hadi leo huliita Kivu cha Nyiransibura. Mwaka 1894 akapita Mjerumani von Götzen. Wajerumani wakaweka boma Gisenyi. Askari na wachuuzi wao wakaingia na Kiswahili, nacho hakijatoka tena. Mwaka 1916 mji ukatwaliwa na Wabelgiji, wakajenga yale majumba ya ufukweni. Baadaye Chuo Kikuu Huru cha Kigali (ULK) kikafungua tawi lake mjini. Ya mjini ndiyo hayo.

Aliyeulisha mji ni mvuvi wa Rubona. Yeye hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wavu ukakaa katikati, na chombo hicho na watu wake huitwa ikipe. Jua likizama ikipe hutoka, makasia yakifuata wimbo, na usiku huwasha taa juu ya maji ili sambaza wapande. Zamani zilikuwa karabai. Sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa kuwa Kivu halikuwa na samaki wa kula vijidudu vya katikati ya ziwa. Wakastawi, wakawa kitoweo cha Gisenyi, cha Goma na cha Bukavu. Kila mwaka ziwa hufungwa kwa muda ili wazaane, na mvuvi hutii ingawa nyumbani pana njaa. Kwa subira hiyo anastahili heshima kuliko mwenye hoteli.

Hapa pana ajabu isiyofaa kurukwa. Kando ya ziwa, hapo hapo Nyamyumba, hutoka amashyuza, maji ya moto yanayobubujika kutoka ardhini. Wenye maumivu ya viungo huja kuyaoga, na wazee wasema wako waliofika kwa mkongojo wakarudi bila mkongojo. Moto ulio chini ya ardhi ndio uliotupa tiba hiyo.

Turudi kwenye shauri letu la gesi. Kampuni ya bia ya Bralirwa iliundwa mwaka 1957, na mwaka 1959 bia ya Primus ya kwanza ikatoka katika kiwanda cha Nyamyumba. Kiwanda kilihitaji moto wa matangi yake, na moto ulikuwa ziwani. Kivu lina kina kinachofika mita 485. Maji ya chini ni mazito, hayachanganyiki na ya juu, na yamebeba methani, gesi iwakayo, ipatayo kilomita za ujazo 60. Mwaka 1963 bomba likashushwa kilindini kutoka Rubona. Maji yakipanda, uzito unaoyakandamiza hupungua, gesi ikatoka kama povu la soda iliyofunguliwa, na povu hilo hilo likaendelea kuyavuta maji mengine. Gesi ikasafishwa, ikapelekwa kiwandani, ikachemsha matangi kwa miaka mingi.

KivuWatt ya Karongi, mtambo wa umeme wa gesi ya ziwa, ilizinduliwa mwaka 2016, nayo hutoa megawati 26. Ni kazi kubwa, na hatuwanyimi ndugu zetu sifa yake. Lakini kati ya 1963 na 2016 pana miaka 53, na mkubwa ni aliyetangulia.

Basi hukumu ni hii: moto wa Kivu uliwashwa kwanza Rubona. Nanyi walimu na wanafunzi wa vyuo vya Gisenyi, shukeni Nyamyumba mkawaulize wavuvi na wafanyakazi wa zamani wa kiwanda wangali hai, mwandike majina yao.