Proteus/3 World
Sinthesaiza ya ala za dunia, Marekani, 1991

Chombo hiki chembamba, chenye kimo cha sentimita 4 na nusu hivi, kilitengenezwa na kampuni ya E-mu Systems ya California. Hakina vibao vya kupigia. Mwanamuziki alikifunga kwenye fremu ya studio, akakiunganisha na kinanda au kompyuta kwa waya wa MIDI.

Sauti zake si za kubuni. Ala halisi zilirekodiwa, kisha zikahifadhiwa katika megabaiti 4 tu za kumbukumbu: sitar na tabla za India, koto na shakuhachi za Japani, didgeridoo ya Australia, na mbira ya Washona wa Zimbabwe, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Noti 32 ziliweza kulia kwa pamoja.

Watengenezaji walifanya jambo la heshima: waliruhusu mpigaji kuacha ulinganifu wa sauti wa piano na kuchagua mwingine, ukiwemo wa gamelan ya Indonesia.

Kimehifadhiwa kwa kuwa kinaonyesha jinsi studio za miaka ya 1990 zilivyopata ala za mbali bila wapigaji wake. Mbira ya kweli, mikononi mwa fundi wake, bado ina mengi ambayo kisanduku hiki hakikuyanasa.