Lafudhi ya Isotopu, Wala Si Saini

Wapo wanaopenda kuandika “saini ya isotopu”, na wapo wenzao ambao, kwa kujiona mabingwa wa usanifu, huandika “sahihi ya isotopu”. Wote wanakusudia ule uwiano wa isotopu thabiti unaopimwa katika unyoya ili ijulikane ndege alikula nini, na alikuwa wapi unyoya ulipoota. Wote wamekosea, na kosa lao si la masikio tu. Saini huwekwa kwa hiari, tena na mtu mmoja, ili imtenge na wengine wote. Haidrojeni nzito, mojawapo ya isotopu hizo, haina ubinafsi huo. Hupungua katika mvua kadiri mawingu yanavyoiacha pwani na kupanda milima, na ukanda mpana wa nchi huweza kuwa na kipimo kimoja. Hobson na Wassenaar, waliochapisha mwaka 1997 vipimo vya manyoya ya ndege wahamaji wa Amerika Kaskazini, walipata eneo la kukadiria, hawakupata kiota. Anayeliita jambo hilo saini anamwahidi msomaji hati, kumbe alicho nacho ni dalili.

Neno linalofaa ni lafudhi. Mtu haichagui lafudhi yake. Huipata mahali alipolelewa, huwa nayo sawa na jirani zake, kisha huondoka nayo. Mtu wa Makunduchi akihamia Mombasa hana haja ya kutaja kwao. Mbayuwayu wa Ulaya naye hubadili manyoya ya mabawa akiwa Afrika, kusini mwa Sahara. Unyoya ukishakomaa damu haiufikii tena, na keratini yake haibadiliki. Nyasi za mbuga za joto zina kipimo cha kaboni-13 karibu na −13 kwa elfu, miti karibu na −27, na mdudu aliyekula huku au kule humpitishia ndege tofauti hiyo. Asili ya neno nayo inashuhudia: katika Kiarabu, lafadha ni kutema, kutupa nje. Bahari hutema kitu ufukoni, kinywa hutema neno, ndege hutupa unyoya. Saini ni mkopo wa juzi kutoka Kiingereza. Na “sahihi” humfanya mwanafunzi aulize ni isotopu ipi iliyokosewa.

Itasemwa kwamba lafudhi ni ya sauti, na unyoya hauna sauti. Hauna mkono pia, lakini kamati za istilahi hazikusita kuupa kalamu. Itasemwa tutaachana na majarida ya nje. Mwanakemia Soddy alipotumia neno isotopu mwaka 1913, alilipata kwa daktari Margaret Todd, aliyeunga maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali palepale, yaani katika jedwali la elementi. Todd alitazama sifa ya kitu, hakutazama mazoea ya jirani. Pingamizi lenye uzito ni kwamba lafudhi ya mtu hufifia, ya unyoya haififii. Ni kweli, ila damu na misuli hupimwa pia, nazo hujijenga upya hata lafudhi ya zamani ikafutika. Saini haina nafasi ya kueleza hilo. Matumizi ni mepesi: lafudhi ya kaboni, lafudhi ya mvua, lafudhi ya nitrojeni, inayopanda kama 3 kwa elfu kwa kila ngazi ya mlo. Kamati yenye neno bora na ilitoe, mradi ipime manyoya kabla ya kupiga kura.