Saa ya Kumi na Moja

Waingereza wana msemo wao. Mtu akilifanya jambo wakati umebaki kidogo mno, husema amelifanya "at the eleventh hour", yaani katika saa ya kumi na moja. Mwanafunzi wa Kiingereza ausikiapo hufikiri saa ya ukutani, mshale mfupi ukiwa juu ya 11, karibu na saa sita ya usiku. Hata Waingereza wengi hudhani hivyo. Lakini sivyo. Saa hiyo ni kumi na moja yetu ya jioni, jua likielekea kuchwa.

Msemo huu ulitoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu aliajiri vibarua alfajiri, tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Jioni akawalipa wote ujira mmoja. Watu wa Palestina na wa Rumi walihesabu saa kumi na mbili za mchana tangu macheo hata machweo, kama sisi. Waliofasiri Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 waliiacha hesabu ile kama ilivyo, ingawa saa za kwao zilikuwa zikihesabiwa tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa neno.

Je, kwa nini wao waliiacha hesabu hii, na sisi tukaishika? Tutazame Makanya, chini ya milima ya Upare upande wa magharibi. Jua huchelewa kidogo kuonekana, kwa kuwa lazima lipande nyuma ya milima. Lakini urefu wa mchana hubadilika kidogo tu mwaka mzima, kwani Ikweta haiko mbali. London mchana wa mwezi wa Juni hupita saa 16, na wa Desemba haufiki 8. Saa za mitambo zilipoenea Ulaya katika karne ya 14, zenye kupiga sawasawa kiangazi na baridi, macheo hayakufaa tena kuwa mwanzo wa hesabu. Hata hivyo mabaki yapo: neno lao "noon", adhuhuri, latokana na neno la Kilatini la saa ya tisa. Zamani lilikuwa alasiri, saa tisa yetu hasa, kisha likasogea nyuma!

Hesabu hiyo ya Ulaya ilifika Makanya kwa reli. Wadachi walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilifika Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, na Makanya imo katikati. Tangu hapo mtu wa stesheni alikuwa na saa mbili kichwani, ya jua na ya gari la moshi, na tofauti yake ni sita.

Mkonge nao ulileta kipimo cha tatu, yaani kipande. Kibarua alipewa kadi ya siku 30. Siku aliyotimiza kazi yake ilitiwa alama, siku asiyotimiza haikuhesabiwa. Mshahara ulingoja kipande kijae, hata kama mwezi wa mbinguni umekwisha kuandama tena. Mtu kama huyo, akisomewa habari ya vibarua wa saa kumi na moja, hawezi kuisikia kama habari ya kuchelewa. Ataisikia kama habari ya mshahara.

Nasi twaona yeye ndiye aisikiaye vema. Waingereza wameishika saa, wameusahau ujira; na wale vibarua wamegeuzwa kuwa watu wa kuchelewa. Lakini hawakuchelewa. Walikuwapo sokoni mchana kutwa, na walipoulizwa sababu ya kusimama bure, walijibu kuwa hapana mtu aliyewaajiri.