Kutoka Kibindoni Hadi Kidukuni: Sarafu za Bibi na Pahala pa Kuzitunza

Msimu wa harusi ukifika, makasha ya njumu hufunguliwa, na chini kabisa, chini ya kanga na vitambaa, hutoka vile vijisarafu vya bibi ambavyo bi harusi hupewa na kuambiwa, "Tunza."

Nyingi ni za aina mbili. Ya kwanza ni reale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke. Huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Sarafu yake iliendelea kupigwa kwa miaka mingi baadaye ikiwa na mwaka huo huo, na wafanyabiashara wa pwani wakaiamini. Ya pili ni pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 au 1304 wa Hijria. Neno letu "pesa" lenyewe limetokana na paisa ya Kihindi.

Wazee wetu walizihifadhi walivyoweza. Mwanamke alifunga kibindoni au kwenye pindo la kanga, wengine walifukia ardhini. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 iligunduliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zilizokaa ardhini kwa karne nyingi. Wahenga walisema akiba haiozi.

Lakini sisi tumeona ikioza. Pesa za shaba za bibi yetu tulizitoa kwenye kitambaa tukazipanga kwenye albamu ya plastiki laini, tukidhani tunazienzi. Miaka michache baadaye tulikuta utando wa kijani unaonata. Kitambaa kilizitunza kwa miaka mingi kuliko albamu yetu. Plastiki ile ni PVC: kadiri inavyozeeka, hasa kwenye joto na unyevu kama wa visiwa vyetu, hutoa mafuta na asidi inayokula shaba, na hata fedha iliyochanganywa na shaba.

Basi mnapochagua pa kuwekea, kwanza nusa. Kifuko laini chenye harufu kali ya plastiki mpya, kirudishe. Kwa pesa moja moja, vifuko vya kadibodi vyenye dirisha la Mylar vinatosha na ni rahisi. Angalia tu pini zake zisikwaruze sarafu. Kwa reale, nunua kiduku kigumu cha akriliki cha duara, chenye kipenyo kinacholingana nayo. Reale huwa na milimita 40 hivi, basi ipime kwanza: ikicheza ndani itakwaruzika, ikibanwa utaiumiza ukiilazimisha. Ndani ya kasha weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na usizifunge kwa mipira, maana mpira huifanya fedha iwe nyeusi.

Na tafadhali, msizisugue kwa ndimu, ukwaju wala majivu kama tunavyosugua sinia. Ule weusi wa zamani ndio umri wake. Ukiondoka, thamani yake kwa wakusanyaji huondoka nao. Zishikeni ukingoni, kwa mikono mikavu isiyo na mafuta ya nazi wala hina mbichi. Ukiona utando wa kijani, usitumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwani huwa na viongezo, mpelekee mjuzi.

Jambo la mwisho ni la dini. Reale moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na ndani yake fedha halisi ni kama gramu 23. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo wengi huzikadiria kuwa gramu 595. Basi reale 26 zilizokaa kasheni mwaka mzima zinafika nisabu. Tusiseme ni kumbukumbu tu. Tumuulize sheikh wetu juu ya zaka yake, na mahari yakitolewa kwa reale, yaandikwe idadi yake.

Sarafu ya bibi ni amana. Bibi alifunga kwa pindo kwa sababu ndilo alilokuwa nalo. Sisi tunaweza kuchagua, basi tuchague kisichoila. Allah awabariki bi harusi wetu wote, amin.